Bi Soma-Tena na Maneno Yaliyokosa Nafasi kwenye Bango

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Naahidi mbele ya kila atakayeshika ratiba hii ya sherehe kwamba nitasema yote, hata yale niliyoshauriwa niyaruke. Saa kumi kamili jioni ya leo, msomaji mkuu wa Idara ya Maneno ya Mtandaoni anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku niliyozaliwa mimi. Mara ya pili ni siku lifti ilipokwama naye ndani, na hiyo yeye haihesabu, kwa sababu anasema tayari alikuwa ameshaingia kwenye jengo.

Huenda mkashangaa kwa nini wasifu wa mtu mzito kama huyu unaandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Ukweli ni huu. Mkuu wa Idara alipitisha karatasi tupu ofisini ili mfanyakazi yeyote ajitolee kuandika. Karatasi ilizunguka meza kumi na nne kwa wiki mbili, ikarudi ikiwa na saini kumi na nne na neno moja lililoandikwa mara kumi na nne: "Nimeona." Watu hawa kazi yao ni kupokea malalamiko juu ya maneno ya wenzao. Wanajua kuliko mtu mwingine yeyote yanayoweza kuipata sentensi ikishatoka mkononi. Mwishowe mwanasheria wa idara akagundua kwamba sheria ya maneno ya chuki humshtaki mtu kuanzia umri wa miaka kumi na minane, na kwamba mstaafu ana mjukuu wa miaka kumi na sita aliyewahi kushinda shindano la insha. Mjukuu huyo ni mimi.

Nilipewa masharti matatu: nisifu, nisirefushe, na nisimfananishe mtu yeyote na kitu chochote. La kwanza ni rahisi. La pili nitajitahidi. La tatu ndilo hasa lililotufikisha hapa, kwa hiyo nitalieleza.

Bibi yangu alianza kazi akiwa mpiga chapa katika chumba cha barua, ghorofa ya chini, enzi ambazo mtu mwenye hasira alihitaji kalamu, bahasha, stempu na safari ya posta kabla ya kumtukana mwenzake. Anasema safari ile ya posta ilikuwa mkaguzi bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, maana nusu ya matusi yaliishia njiani. Baadaye simu zikaingia mifukoni mwa watu, hasira ikapata njia ya mkato, na yeye akapandishwa hadi ghorofa ya tatu, chumba namba tisa. Alipanda na meza yake, na kiti chake chenye mguu uliofungwa kamba, akakabidhiwa mihuri mitatu: CHUKI, SI CHUKI na INASUBIRI.

Kwa wageni wasiofahamu utaratibu: ukurasa ukilalamikiwa hufungwa siku hiyo hiyo, kisha hukaa umefungwa mpaka faili lake ligongwe mmoja kati ya mihuri miwili ya kwanza. Atakayegonga SI CHUKI lazima atie saini chini yake, na yeyote akichukizwa baadaye, mwenye saini ndiye huitwa kujieleza. Atakayegonga INASUBIRI haulizwi na mtu. Ndiyo maana mpira wa muhuri wa INASUBIRI umebadilishwa mara tano kwa kuchakaa, na ule wa SI CHUKI bado ni uleule wa kwanza. Alama zake karibu zote zimegongwa na mkono wa Bi Soma-Tena.

Jina hilo bibi yangu alipewa kazini, na hadi leo wapo wasiojua jina lake jingine. Lilitokana na mtindo wake wa kazi. Kila lalamiko alilisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza alisoma kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Mara ya pili kwa sauti ya mtu anayetania. Mara ya tatu alisoma polepole, kwa sauti ya yule aliyetajwa. Kijana yeyote aliyemletea faili akisema, "Hili ni chuki, mama, liko wazi," alijibiwa neno moja tu: "Soma tena."

Pamoja na sauti hizo tatu alikuwa na kipimo cha nne, ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa serikali. Mlango wa chumba namba tisa huwa wazi, na kwenye ukumbi wa nje hufagia mama wa usafi, ambaye wote tunamwita Shangazi Fagio. Wakati Bi Soma-Tena anasoma, sikio lake lilikuwa kwenye lile fagio. Likiendelea kukwaruza sakafu, maneno yale ni ya kawaida ya binadamu. Likisimama, hapo kuna jambo. Kwa kuwa bibi yangu ni mkweli, aliyaandika hayo kwenye fomu, katika nafasi ya "Uthibitisho". Wakaguzi kutoka makao makuu walikaa siku nzima na mafaili mia mbili na kumi yenye maneno "Fagio limeendelea", wakaondoka na barua ya kuuliza fagio hilo ni la cheo gani.

Mifano ni mingi. Wapo mashabiki walioandika kwamba timu yao ina kobe kumi na mmoja na kocha wao ndiye wa kumi na mbili. Nahodha akalalamika kwa niaba ya timu. Bi Soma-Tena alipofika kwenye sauti ya tatu, ile ya kobe mwenyewe, Shangazi Fagio alipaza sauti kutoka ukumbini: "Sasa huyo kaonewa nini? Mume wangu kobe mwaka wa ishirini huu, na bado nampikia!" Ukurasa ulifunguliwa kabla ya saa sita.

Yupo pia fundi wa kupulizia dawa, aliyetangaza kwamba ataangamiza mende wote wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, bila huruma, na kwamba wateja watano wa kwanza watapata punguzo. Ukurasa wake ulifungwa wiki sita, kwa sababu faili lilipitia kwanza kwa wengine, nao waligonga INASUBIRI mara nne. Lilipomfikia bibi yangu alilisoma mara tatu, fagio likaendelea, akagonga SI CHUKI, kisha akampigia fundi simu aje apulizie chumba namba tisa.

Halafu ukaja mwezi wa methali. Mtu mmoja alilalamika kwamba "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inawabagua wageni na kuwalazimisha kufanya kazi. Mwingine akasema "Nyani haoni kundule" inamlenga yeye, na hakuelezea zaidi. Ofisi ikafungua Daftari la Methali Zinazochunguzwa. Mwanasheria alipoulizwa kama methali inaweza kushtakiwa, alijibu kama anavyojibu kila kitu: "Inategemea." Bi Soma-Tena ndiye aliyelifunga daftari hilo, kwa kuandika kwenye jalada lake kwamba watuhumiwa wote wameshafariki na hawakuacha anwani.

Msidhani kwamba bibi yangu ni mtu wa kucheka kila kitu. Naja sasa kwenye siku ambayo fagio lilisimama.

Miaka tisa iliyopita, Jumamosi mchana, aliingia ofisini kumalizia mafaili. Akakuta ujumbe uliokwisha kusambazwa mara mia nne. Ulihusu familia zilizohamia mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, watu waliotoka ng'ambo ya mto. Aliyeandika aliwaita mende. Akaorodhesha namba za nyumba kumi na moja. Akasema ikifika jioni, kila mwanamume awe na kiberiti. Ujumbe ule Bi Soma-Tena aliusoma mara moja tu, kwa sauti moja. Ukumbini kukawa kimya. Ndani ya dakika nne alikuwa ameufunga, na hakusubiri barua ya kuidhinisha. Alinakili namba zile kumi na moja kwenye kipande cha karatasi, akambeba Shangazi Fagio kwenye gari la ofisi, wakaenda wenyewe kituo cha polisi, kisha wakaenda kugonga nyumba moja moja. Jioni ile mlango mmoja ulichomwa. Mlango tu. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshaondoka.

Fomu ya siku ile ipo. Nafasi ya "Uthibitisho" imeandikwa: "Fagio limesimama."

Baada ya tukio lile wakubwa waliamua kuongeza kifungu katika sheria, wakamwomba bibi yangu aandike rasimu. Aliiandika kwa mkono wake, kwenye meza yetu ya chakula, nikiwa na miaka saba nikipaka rangi kando yake. Ilisema hivi: "Ni kosa kulifananisha kundi la watu na mnyama, mdudu au mmea, kwa nia ya kuwafanya wadhurike au wafukuzwe."

Kifungu kizuri, na mimi nakiunga mkono hadi leo. Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Kabla sheria haijapitishwa, iliagizwa litengenezwe bango la kuitangaza. Fremu ilikuwepo tayari, ile ya bango la zamani la kunawa mikono, nayo ilikuwa ndogo. Mchoraji alianza na herufi kubwa za kupendeza, akafika kwenye neno MMEA, na nafasi ikaisha. Kamati ikatazama, ikaona sentensi imetulia vizuri, ikaidhinisha. Wiki iliyofuata mpiga chapa wa sheria alipotafuta maneno sahihi ya kifungu, alinakili kutoka kwenye bango, kwa sababu bango ndilo lililokuwa limeidhinishwa. Hivyo ndivyo nia ya kudhuru ilivyoondolewa katika sheria: kwa kukosa nafasi.

Bi Soma-Tena aliliona kosa siku ya kwanza. Aliandika barua kulihusu kila mwaka. Alilitaja katika kila mkutano wa mwaka, na kumbukumbu za mikutano tisa zinaonyesha jibu lilelile: "Hoja imepokelewa." Wakati huo huo watu wa mtandaoni walijifunza kuogopa. Walioandika juu ya bomba kavu waliacha. Walioandika juu ya foleni za zahanati wakaanza kuandika juu ya mawingu. Mwaka juzi Mkuu wa Idara alitangaza kwa furaha kwamba malalamiko ya wananchi kuhusu maji yamepungua kwa asilimia tisini. Bibi yangu aliinua mkono akauliza kama maji nayo yameongezeka. Kumbukumbu zinasema: "Swali limepokelewa."

Sasa niseme na letu, maana niliahidi yote.

Shuleni kwetu tulikuwa na ukurasa unaoitwa Ubao wa Nyuma. Tuliuendesha wanafunzi arobaini na wawili, na mimi ndiye mhariri. Tuliandika matokeo ya mechi, vitu vilivyopotea, vitabu ambavyo havijarudishwa maktaba na nani anavyo. Mbele ya lango la shule kuna dimbwi ambalo mvua ikinyesha wanafunzi wadogo huvushwa mgongoni. Tuliwaandikia madiwani barua tatu. Hawakujibu. Ndipo nikaandika kwenye ukurasa: "Madiwani wetu ni kama uyoga. Mvua ya kura ikinyesha huchipuka kila mahali. Jua likiwaka huwaoni hata mmoja." Mwenzetu mchoraji akachora uyoga wenye tai shingoni, umesimama ukingoni mwa dimbwi.

Diwani mmoja alilalamika kwamba kundi la watu limefananishwa na mmea. Ukurasa ukafungwa siku hiyo hiyo. Mtoto hashtakiwi, lakini ukurasa wake hauna umri.

Mwanasheria, ambaye ni mtu makini, aliandika kwa wataalamu wa kilimo kuuliza kama uyoga ni mmea. Jibu lilichukua miezi mitano, nalo likasema uyoga si mmea, wala si mnyama, wala si mdudu. Mimi niliruka kwa furaha. Ofisi haikuruka. Iliunda kamati ya kuchunguza uwezekano wa kuongeza uyoga kwenye kifungu, na kwa tahadhari, ukungu. Niliporudi nyumbani nikicheka, bibi yangu aliniambia kitu ambacho nimekiandika ndani ya jalada la daftari langu: "Usitake kushinda kwa uyoga, mjukuu wangu. Wale wa kiwanda cha matofali waliambiwa watachomwa. Hawa wako wameambiwa waje waone dimbwi. Anayejua tofauti hiyo hahitaji mtaalamu wa kilimo."

Nikamwomba agonge SI CHUKI. Alikataa hata kuligusa faili. Nilinuna siku sita, naungama. Siku ya saba alinikalisha akasema: "Nikikugongea wewe, kesho nitamwambia nini mtoto asiye na bibi humu ndani?" Faili likapelekwa kwa wengine, kila mmoja akaligonga INASUBIRI, na kila mara likarudi mezani kwake, kwa kuwa ofisi nzima haina mtu mwingine aliyezoea kugonga ule muhuri wa pili. Yeye akalirudisha. Faili letu limetembea ukumbi ule kwa miezi kumi na moja na siku ishirini na tatu.

Kwa mujibu wa kanuni, faili linalosubiri miezi kumi na miwili huteketezwa, na ukurasa wake hufutwa moja kwa moja. Miezi hiyo inatimia Ijumaa ijayo. Kuanzia Jumatatu chumba namba tisa hakina mtu.

Juzi Jumatano nilikwenda kumsaidia bibi kufungasha. Tulitoa kwenye droo miwani mitatu, kopo la majani ya chai, na ile rasimu ya meza ya chakula, yenye doa la rangi yangu ya kijani pembeni. Hakuandika barua ya kumi. Alibeba kiti chake chenye kamba mpaka ukumbini, lilipotundikwa lile bango, akamwomba Shangazi Fagio amshikie, akapanda. Kwa kalamu ya wino mzito, chini ya neno MMEA, kwa herufi ndogo safi za mpiga chapa wa zamani, akamalizia: "kwa nia ya kuwafanya wadhurike au wafukuzwe."

Yalitosha. Nafasi ikabaki.

Wafanyakazi kumi na nne walitoka milangoni kutazama. Mmoja akanong'ona kwamba bango ni mali ya serikali. Mwanasheria aliyasoma maneno yale mara tatu, midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusema inategemea. Kisha, bila kuombwa na mtu, alikwenda kuchukua faili letu, akasimama katikati ya ukumbi, akalisoma kwa sauti: kwanza kama mtu aliyekasirika, halafu kama mtu anayetania, halafu polepole kabisa, kama diwani. Nyuma yake fagio liliendelea. Lilisita kidogo alipoeleza mchoro wa uyoga wenye tai, lakini nilikuwepo, naapa kilikuwa kicheko. Akaandika yote hayo kwenye fomu. Hakugonga, kwa sababu faili likishapita miezi kumi na moja kanuni inataka msomaji mkuu au Mkuu wa Idara, na msomaji mkuu ni bibi yangu.

Kwa niaba ya wenye meza kumi na nne, walioona na kutia saini, namshukuru Bi Soma-Tena kwa masikio yake, kwa subira yake, na kwa nyumba kumi na moja zilizogongwa Jumamosi moja mchana. Namshukuru pia Shangazi Fagio, ambaye cheo chake makao makuu bado wanakitafuta. Bibi, nenda ukapumzike. Sasa soma unachotaka, mara moja tu ukipenda, na ukikuta kosa liachie wengine wahangaike nalo. Uwe na asubuhi ndefu, chai ya moto na kiti chenye miguu minne mizima.

Na kwako, Mkuu wa Idara, ambaye kwenye ratiba hii unazungumza mara tu baada ya ukurasa huu kusomwa. Faili letu liko juu ya meza ya keki, upande wa kulia wa kisu. Muhuri wa SI CHUKI uko juu yake, na Shangazi Fagio ameshautia wino. Fundi wa kusafisha bango naye, nimesikia, ameitwa Jumatatu. Sisi wanafunzi arobaini na wawili tunaomba jibu leo, kabla keki haijakatwa: utafuta maneno ya bibi yangu ukutani, au utafungua ukurasa wetu?